Mpango wa Miaka Saba, Rasimu ya Tatu

Tumeketi kwenye madawati ya Gredi ya Saba,
magoti yamekwama chini ya mbao,
Jumamosi asubuhi, Kariobangi Kusini.
Upepo umegeuka, moshi wa jaa la Dandora
umeingia dirishani bila mwaliko, nao unahudhuria kikao.
Mimi ndiye katibu. Mwandiko wangu, wanasema, unasomeka.

"Andika: maabara," asema Bwana Wekhomba, mwenyekiti.
Naandika maabara.
Kwa sasa ni stoo ya magunia ya maharagwe,
ina mfereji mmoja uliokohoa mara ya mwisho mwezi wa pili,
na hadubini moja ambayo Mwalimu Mokeira
huifunga kwa leso kama mtoto mwenye homa.
Mwaka wa kwanza: maharagwe yahame.
Mwaka wa pili: maji.
Mwaka wa tatu...
kalamu inasita.
Mwaka wa tatu hauna mfadhili, una matumaini,
na fomu ya wizara haina safu ya matumaini.

Mwaka wa nne, alama za hisabati zipande.
Hilo naliandika kwa aibu kidogo; somo ni langu.
Mwaka wa sita, asimamie Mwalimu Mokeira,
na Mokeira anaitikia kwa kichwa, kwa adabu,
ilhali mkataba wake unakwisha Disemba
na sote tunajua, hata moshi unajua.

"Haba na haba," asema mwenyekiti.
Mama Mutheu wa wazazi, muuza sufuria, anacheka:
"Hiyo haba niliisikia nikiwa mwanafunzi papa hapa.
Kibaba chenyewe kiliwekwa wapi?"
Kwenye kumbukumbu siliandiki.
Naliandika pembeni, kwa penseli.

Pembeni hapo hapo napiga hesabu:
mtoto hukaa nasi miaka mitatu,
mpango ni wa saba.
Saba kutoa tatu.
Paa tunalolichora leo litawafunika
wanaojifunza sasa kushika kalamu ya rangi,
na hawa wanaolowa
watakuwa wamelowa, wamekwenda.
Sijui jibu liitwe nini. Si nne.

Nyaboke, Gredi ya Nane, ameitwa awakilishe wenzake.
Amesimama saa nzima; hakuna aliyemwambia keti.
"Una lolote?" aulizwa, karatasi zikikunjwa.
"Mlango wa choo cha wasichana hauna komeo.
Tunashikiana kwa zamu.
Kengele ikilia anayeshika anachelewa,
akichelewa anaandikwa jina."
Kisha, bila kejeli, kama anayeuliza njia:
"Hilo liko mwaka wa ngapi?"

Napekua. Lipo.
Mwaka wa tano, kipengele cha tatu:
uboreshaji wa miundombinu ya usafi.
Nilikuwa nimejivunia maneno hayo.
Yeye anahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo;
naviona mimi tu, niliyeketi upande huo.

Mama Mutheu amefungua kibeti.
Shilingi mia na hamsini, noti na sarafu, juu ya ajenda.
Mwenyekiti asema ununuzi una utaratibu wake,
bei za maduka matatu zilinganishwe kwanza.
Kilonzi, mtunza shule, aliyeleta chai,
amezikusanya pesa pamoja na vikombe vitupu
akatoka, kana kwamba ni kazi ile ile ya vikombe.

Rasimu ya tatu ina kosa la mpangilio, najua.
Juu ya mwaka wa kwanza nimebana mstari mwembamba:
Mwaka wa sifuri: komeo.
Watakuja kuuliza sifuri ni mwaka gani.
Nitawaambia ni huu tuliomo.

Nyundo imeanza upande wa vyoo.
Mwenyekiti anataka dirisha lifungwe.
Halifungiki; liko mwaka wa pili, kipengele cha sita.
Basi tunarudi kwenye maabara
tukipaza sauti, nyundo nayo ikipaza yake.